Bastola ya Raia: Mafunzo Kwanza, Kibali Baadaye

Kurutu anapofika chuoni hapewi risasi siku ya kwanza. Kwanza hufundishwa kuifungua bunduki na kuiunganisha tena, kuisafisha, kuibeba bila kumwelekezea mwenzake, na kukiweka kidole chake mbali na kifyatulio mpaka amri itolewe. Baadaye sana ndipo hupelekwa kwenye uwanja wa shabaha, tena chini ya jicho la mkufunzi. Na hata akiisha kufuzu, silaha huitwaa ghalani kwa saini na kuirudisha kwa saini, na kila risasi huulizwa ilikokwenda. Hakuna askari mwenye akili timamu anayeuona utaratibu huo kuwa ni kudharauliwa.

Sasa tumtazame raia ambaye amepewa hati ya kumiliki bastola, naye huitembeza mjini ikiwa imefichwa chini ya koti. Je, mtu huyu alazimishwe na sheria kufunzwa kabla ya kupewa kibali? Au yatosha awe mtu mzima, mwenye fedha za kununulia na jina lisilo na doa katika daftari la polisi? Swali hilo limebishaniwa kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali, zikiwamo jirani yetu Kenya, na pia Afrika ya Kusini. Wengi hudhani ni jambo la wanasheria na wafanyabiashara wa silaha. Kwa hakika linamhusu zaidi askari, kwa sababu siku ya ghasia ni yeye atakayekutana uso kwa uso na raia huyo, na atakuwa na nafasi ndogo sana ya kuamua kama aliyeko mbele yake ni mhalifu au ni mwananchi mwema.

Ili tuuelewe ubishi huu, hatuna budi kurudi nyuma, maana kibali cha silaha katika bara letu hakikuanza kama hatua ya usalama wa wote. Kilianza kama hatua ya kuwatenga watu.

Huko Natal, katika miaka ya 1870, vijana wa Kiafrika walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya almasi ya Kimberley na kurudi makwao na bunduki walizozinunua kwa jasho lao. Serikali ya kikoloni ikaamuru ziandikishwe. Mwaka 1873 Chifu Langalibalele wa kabila la Wahlubi alipoonekana kuipinga amri hiyo, alifuatwa na majeshi, akakamatwa na kupelekwa kifungoni katika kisiwa cha Robben, na watu wake wakasambaratishwa. Miaka saba baadaye, mwaka 1880, Serikali ya Koloni la Rasi ilijaribu kuwanyang'anya Wabasotho bunduki zao kwa kutumia sheria iliyoitwa, kwa kejeli ya ajabu, Sheria ya Kulinda Amani. Wabasotho walikataa, vita vikapiganwa, na mpaka leo vita hivyo vinajulikana kwa jina la Vita vya Bunduki. Katika mapatano ya mwaka 1881 waliruhusiwa kubaki na silaha zao kwa kulipa ada ya kila mwaka.

Katika mambo hayo yote hakuna ofisa aliyemwuliza kijana wa Kihlubi au wa Kisotho kama anajua kuitunza bunduki yake. Aliulizwa rangi yake na utii wake kwa serikali.

Kenya ilipita njia hiyo hiyo. Tarehe 20 Oktoba 1952 wakoloni walitangaza hali ya hatari. Walowezi, wake kwa waume, walitembea na bastola viunoni hata mezani wakati wa chakula. Kwa Mwafrika, kupatikana na silaha au risasi bila ya idhini kulifanywa kosa la kunyongwa. Katika miaka ile watu zaidi ya 1,000 walinyongwa, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua mtu. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Shitaka lililompeleka kwenye kitanzi katika gereza la Kamiti, tarehe 18 Februari 1957, lilikuwa la kupatikana na bastola.

Mwaka huo huo wa 1956, mbali huko Marekani katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, nyumba ya mchungaji kijana aliyeitwa Martin Luther King ilipigwa bomu. Yeye aliomba kibali cha kubeba bastola ili aweze kuilinda nyumba yake. Maofisa wa jimbo walikuwa na uwezo wa kumpa au kumnyima kwa hiari yao, nao walimnyima. Ikiwa mtu ambaye nyumba yake imelipuliwa hana sababu ya kutosha, ni nani basi mwenye sababu? Jibu lilikuwa wazi kwa kila aliyejua siasa za Alabama.

Tumeyataja haya kwa sababu wale wanaopinga mafunzo ya lazima huyatumia kama hoja yao kubwa. Wanasema kwamba kila sharti linalowekwa kati ya raia na silaha limetumika, siku moja au nyingine, kumkandamiza mnyonge. Historia inawapa haki katika sehemu moja ya maneno yao. Lakini tuangalie vizuri: sharti lililowakandamiza watu hawa lilikuwa ni hiari ya ofisa. Halikuwa sharti la mafunzo. Mafunzo yana kipimo ambacho kila mtu anaweza kukiona: umeipakua silaha salama au hukuipakua, umeipiga shabaha au umeikosa, unaijua sheria au huijui. Ofisa mwenye upendeleo atapata taabu kumnyima kibali mtu aliyefaulu mtihani mbele ya mashahidi, na vilevile atapata taabu kumpa tajiri rafiki yake aliyeshindwa.

Kenya ilipopata uhuru ilirithi Sheria ya Silaha iliyotungwa na wakoloni. Msingi wa sheria hiyo ulikuwa ni hukumu ya ofisa wa vibali: aridhike kwamba mwombaji ana sababu nzuri, na kwamba si mlevi wala si mtu mwenye akili pungufu. Kwa miaka mingi utaratibu huo uliendelea. Kisha likatokea jambo lililowafanya Wakenya waulize mengine.

Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, magaidi wanne wa Al-Shabaab waliingia katika jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi wakaanza kuwaua watu. Watu 67 walipoteza maisha. Miongoni mwa watu wa kwanza kuingia ndani kuwaokoa wenzao hakikuwa kikosi chenye sare. Walikuwa askari kanzu na polisi wachache, pamoja na raia waliokuwa na bastola za kibali. Mmoja wao, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Garissa, aliingia na bastola yake baada ya kupata ujumbe kutoka kwa ndugu yake aliyekuwa amenaswa humo. Watu hawa waliwatoa wengi wakiwa hai, na ushujaa wao hauna ubishi.

Lakini sisi ambao kazi yetu ni ulinzi lazima tuitazame siku hiyo kwa jicho jingine pia. Raia wale hawakuwa na sare. Polisi waliokuwa pamoja nao wengi hawakuwa na sare. Magaidi nao walivaa nguo za kawaida. Hapakuwa na neno la siri wala alama ya pamoja. Kila mtu aliyetokeza kwenye kona akiwa na silaha mkononi angeweza kuwa mwokozi au mwuaji. Baadaye mchana, kikosi maalumu cha polisi cha Recce na wanajeshi walipokutana ndani ya jengo, walirushiana risasi kwa kutotambuana, na kamanda wa kikosi hicho cha polisi akauawa. Hawa walikuwa watu waliofunzwa kwa miaka, wenye vyeo, mavazi na vyombo vya mawasiliano. Ikiwa wao waliweza kukosana, je, raia aliyenunua bastola juma lililopita na hajapata kufyatua zaidi ya risasi kumi maishani mwake, atakuwa katika hatari ya kiasi gani, na atawatia wengine katika hatari ya kiasi gani?

Wakenya walijifunza. Mwezi Desemba 2014 Bunge lao lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama, na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha ikaundwa. Miongoni mwa kazi ilizopewa bodi hiyo ni kuthibitisha kwamba mwombaji anafaa, kuupima mara kwa mara ustadi wa wale walio na silaha, na kusimamia viwanja vya shabaha. Maneno hayo “mara kwa mara” yana uzito. Sheria inakubali kwamba mkono husahau, na kwamba mtu aliyefaulu miaka kumi iliyopita huenda leo macho yake yamepungua au ameingiwa na ulevi.

Kuandika sheria ni jambo moja, na kuitekeleza ni jambo jingine. Mwezi Desemba 2018 Waziri wa Mambo ya Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya katika muda wa siku 90. Amri ya namna hiyo haitolewi pale ambapo kila hati imetolewa kwa haki. Ilikuwa ni ushahidi kwamba baadhi ya hati zilikuwa zimefika katika mikono isiyostahili. Kabla ya siku hizo 90 kwisha, tarehe 15 Januari 2019, magaidi walishambulia hoteli ya Dusit mjini humo humo na kuua watu 21. Safari hii amri ilikuwa moja, na vikosi viliimaliza kazi siku ya pili. Raia wenye silaha walifika tena, lakini baadhi yao walikuwa ni watu waliojizoeza tangu Westgate, na miongoni mwao alikuwamo mkufunzi wa silaha aliyeshiriki katika matukio yote mawili. Tofauti kati ya siku hizo mbili ina sababu nyingi, na mazoezi ni mojawapo.

Sasa twende kusini. Wapigania uhuru wa Umkhonto we Sizwe, ambao baadhi yao walipita katika kambi ya Kongwa, mkoani Dodoma, tangu mwaka 1964, waliijua vyema nidhamu ya silaha. Waliporudi kwao na makaburu wakashindwa katika uchaguzi wa 1994, walikuta nchi iliyojaa bunduki. Chini ya sheria ya mwaka 1969 Mwafrika kwa miaka mingi alinyimwa kibali, huku Mzungu akijiwekea silaha nyumbani bila taabu. Na vita vya siri vya mwisho wa utawala wa makaburu vilisambaza nyingine nyingi zisizo na hati. Kufikia mwaka 1998, watu wapatao 34 waliuawa kwa risasi kila siku.

Bunge jipya halikuchagua kuwanyang'anya Wazungu kama Wazungu walivyowanyang'anya Wabasotho. Lilitunga sheria mpya mwaka 2000, ambayo ilianza kutumika kwa ukamilifu mwaka 2004, na ndani yake likaweka kitu kinachoitwa hati ya ustadi. Mtu wa rangi yoyote hawezi kuomba leseni ya silaha kabla ya kupata hati hiyo. Na kuipata, lazima afunzwe, afanye mtihani wa kuijua sheria yenyewe, na afanye mtihani wa vitendo wa kuishika na kuitumia silaha kwa usalama. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mwenye bastola anapoibeba hadharani lazima iwe ndani ya ala yake na ifunikwe kabisa, naye awe na uwezo wa kuidhibiti wakati wote. Hivyo katika nchi ile kuificha bastola ni amri, na kufunzwa ni amri.

Matokeo yalikuwaje? Kufikia mwaka 2009 idadi ya waliouawa kwa risasi ilikuwa imeshuka hadi watu wapatao 18 kwa siku, na watafiti wa afya waliochunguza miji mikubwa mitano waliihusisha sheria hiyo na maisha ya maelfu ya watu yaliyookolewa. Tusiseme kwamba ni mafunzo peke yake yaliyofanya kazi hiyo; sheria ilikuwa na masharti mengi. Na tusifiche kwamba baadaye mauaji yaliongezeka tena. Mojawapo ya sababu zake inatuhusu sisi wenye sare. Mwaka 2016 kanali mmoja wa polisi alihukumiwa kifungo cha miaka 18 kwa kuziuzia genge za wahalifu silaha zipatazo 2,000 zilizokuwa zimekusanywa ili ziteketezwe. Raia walizisalimisha kwa kuiamini serikali, na zikatokea mlango wa nyuma kwenda kuwaua watoto katika vitongoji vya Cape Town. Hakuna mafunzo ya raia yatakayofidia ghala lisilo na mwaminifu.

Huko Marekani ubishi umekwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Jimbo la Texas lilipoanza kutoa vibali, kwa sheria ya mwaka 1995, liliwataka waombaji wahudhurie mafunzo ya saa 10 hadi 15. Muda huo ulipunguzwa baadaye, na tangu Septemba 2021 mtu mzima asiye na makosa haitaji kibali wala mafunzo ili abebe bastola katika jimbo hilo. Kufikia Julai 2024 majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa yameifuata njia hiyo. Wakati huo huo New York, baada ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo kulivunja sharti lake la zamani la “sababu maalumu” mwezi Juni 2022, iliweka sharti la mafunzo ya saa 16 darasani na saa 2 za kufyatua risasi. Yaani hiari ya ofisa ilipoondolewa, New York iliweka mtihani mahali pake.

Wanaopinga mafunzo ya lazima wana hoja tatu ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba mtu anayetishiwa maisha leo hawezi kungoja majuma sita. Hiyo ni kweli, lakini mtu wa namna hiyo anahitaji zaidi ulinzi wa polisi kuliko chombo asichojua kukitumia. Bastola katika mkono usiozoea mara nyingi humfaa yule anayeinyang'anya. Hoja ya pili ni kwamba saa 16 za darasani hazimfanyi mtu kuwa mtulivu chini ya risasi. Hiyo nayo ni kweli, na kila askari aliyewahi kupigana anaijua. Hata hivyo mafunzo mafupi yanaweza kumfundisha mtu jambo lililo muhimu kuliko kulenga, nalo ni kujua wakati wa kutofyatua: kwamba anapowaona polisi wamefika aiteremshe silaha, aonyeshe mikono yake, aitii amri na asigeuke ghafla. Jambo hilo hujifunzwa kwa muda mfupi na huokoa maisha yake mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Wanasema mafunzo yana gharama, na sharti la gharama ni ukuta kwa maskini. Tajiri wa mjini atalipia kozi, risasi za mazoezi na ada ya mkufunzi. Mwenye duka dogo kijijini, anayevamiwa na majambazi usiku, hataweza. Tukikubali jambo hili lipite bila jibu, tutakuwa tumeondoa ubaguzi wa rangi katika vibali na kuuweka ubaguzi wa fedha mahali pake.

Jibu la hoja hiyo linapatikana katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1971, baada ya uvamizi wa Guinea na baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, Mwongozo wa TANU ulitaka wananchi wafunzwe kuilinda nchi yao. Wakulima na wafanyakazi walifunzwa vijijini na viwandani, na hawakuambiwa watoe ada kama ya klabu ya matajiri. Ilipofika vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, mgambo walikwenda mstari wa mbele pamoja na wanajeshi. Watu hao walikuwa maskini na walifunzika. Kumbe kinachomzuia maskini kufunzwa si umaskini wake. Ni serikali kuliacha somo liuzwe kama bidhaa. Nchi inayotunga sharti la mafunzo inao wajibu wa kufungua viwanja vyake vya shabaha, kuwatoa wakufunzi wake, na kuweka ada ambayo mwananchi wa kawaida anaiweza. Isipofanya hivyo, wapinzani wa sharti hilo watakuwa na haki ya kulalamika.

Tena mkufunzi asiwe mwuza silaha, maana mwenye duka hawezi kumfelisha mnunuzi wake. Mtihani urudiwe kila hati inapofanywa upya. Na somo la kukutana na askari lifundishwe na askari, kwa kuwa ni yeye anayeijua hofu iliyoko upande wa pili wa bastola hiyo.

Ndugu wasikilizaji, mkiwa katika doria mtakutana na watu wa namna hii. Kwenye kizuizi cha barabarani dereva atawaambia kwamba ana bastola kiunoni na hati mfukoni. Kama amefunzwa, atasema hivyo kabla hajasogeza mkono, nanyi mtaikagua hati yake na kumwacha aende zake. Kama hakufunzwa, atapeleka mkono kiunoni kwanza ili awaonyeshe, akidhani anawasaidia. Mtakuwa na sekunde moja tu ya kuutambua mwendo huo. Kwa ajili ya sekunde hiyo, na kwa ajili ya maisha ya pande zote mbili, ni haki kwa sheria kumwambia raia kile kile anachoambiwa kurutu: jifunze kwanza, silaha utapewa baadaye.